Mbegu Zinangoja Kibigori

Ijumaa, Machi 14

Mvua ya kwanza. Imenikuta nje na bendera mkononi, treni ya Kisumu ndiyo inaingia, na dereva akanicheka kwa vile nimelowa mpaka soksi. Nikamwambia acheke tu, mwaka huu mimi na mvua ni marafiki. Nilikuwa naingoja.

Tangu niolewe sijawahi kuingoja hivi. Kazi hiyo ilikuwa ya mama mkwe, Janefer. Kwetu Kibigori boma zima haliweki mbegu chini mpaka mkubwa wa boma atoe mbegu. Yeye akishapanda ndiyo wengine wanafuata kwa umri, na mdogo hampiti mkubwa hata mvua ikimwagwa na ndoo. Janefer alitoa mbegu kila mwaka mpaka tulipomzika Novemba. Sasa mkubwa ni Ooko, mume wangu, kwa hivyo mwenye kutoa mbegu ni mimi. Na si mimi peke yangu. Lazima mimi na Ooko tulale nyumbani usiku mmoja, kitanda kimoja, halafu kukipambazuka tushike jembe.

Hapo ndipo penye shida, kwa sababu mimi na Ooko hatujaongea tangu Desemba.

Jumamosi, Machi 15

Mvua. Treni ya kurudi Nairobi imechelewa, na abiria wamenilaumu kana kwamba mimi ndiye ninayeisukuma.

Jumapili, Machi 16

Phelix amepiga simu baada ya kanisa. Huyu ni mdogo wa Ooko. Yeye na mkewe Jerusa ndio wanaolima pale nyumbani na kulisha watoto kwa hilo shamba, sisi ni watu wa mshahara. "Nyar Alego," akasema. Binti wa Alego, ndivyo mama yao alivyokuwa akiniita. "Huku imenyesha. Shamba limelimwa, liko tayari."

Nikamwambia Ijumaa niko hapo, nitashuka na treni yangu mwenyewe kama bibi mkubwa. Akacheka. Halafu akauliza, "Na kaka?"

"Kaka yako ana miguu," nikamjibu.

Wacha niandike jinsi ilivyokuwa, maana nikikaa nayo kichwani silali. Baada ya matanga Ooko alisimama mbele ya wajomba wote akasema boma linataka mwanamke, kwa hivyo Adoyo ataacha kazi ya reli arudi nyumbani. Hakuniuliza. Alitangaza tu. Mimi nimeishi hapa Kedowa wakati reli imekufa, nyasi zimeota katikati ya vyuma na watu wanafunga ng'ombe kwenye jukwaa la stesheni. Ikafufuka, nikapata kazi, nikavaa yunifomu nikiwa mama mzima. Niiache? Nikamwambia pale pale kama boma linataka mtu, mtoto wa boma ni yeye, aache kiwanda arudi. Wajomba wakaangalia chini. Ooko akarudi Kericho kwenye kiwanda chake cha chai, na tangu siku hiyo tunasalimiana kupitia kwa msichana wetu Maxine aliye Nairobi, kama serikali mbili zilizokosana.

Sasa nataka kuwaonyesha. Mtu anaweza kufanya kazi ya reli na bado atoe mbegu. Nikishindwa, mbele ya wajomba nitasema nini?

Jumanne, Machi 18

Nimemwandikia Ooko: "Ijumaa natoka. Wewe?" Amejibu: "Majani ni mengi." Basi. Mvua ikinyesha chai inachipuka, kiwanda kinafanya kazi mchana na usiku, najua. Lakini angeongeza hata neno moja.

Alhamisi, Machi 20

Reli imekatika.

Mto umekula daraja dogo la kule chini, kabla ya kufika Kipkelion. Omosa, msimamizi wa mafundi wa reli, amerudi na matope mpaka kifuani. "Mama, udongo wote umeenda," ameniambia. "Vyuma vimebaki vinaning'inia kama kamba ya nguo." Nimempa chai, akanywa akiwa amesimama.

Bwana Steve, mkubwa wetu wa Nakuru, alipiga mara moja. Treni zote zitaishia Kedowa. Abiria watashuka kwangu wapande mabasi, na wale wa kutoka Kisumu wataletwa kwangu wapande treni. "Mama Adoyo, hiyo stesheni sasa ni wewe," akasema. "Likizo imesimama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka reli ifunguke."

Nilikuwa nimeshafunga begi. Nimelifungua tena, nimetoa nguo moja moja, na nimetupa viatu ukutani.

Ijumaa, Machi 21

Nimempigia Phelix, nimemweleza. Akasema, "Tutangoja." Nyuma yake nilimsikia Jerusa akiuliza kwa Kijaluo, "Amesema nini tena?" Hilo "tena" nimetembea nalo siku nzima.

Ijumaa, Machi 28

Kedowa imegeuka mji. Akina mama wa maziwa, wa chapati, wa mahindi ya kuchoma, vijana wa bodaboda, wote wako mbele ya stesheni. Wamuyu, jirani yangu mwuza viazi, amehamisha jiko lake mpaka langoni kwangu. Alikuwa akituma magunia Kisumu kwa treni, sasa anachemsha viazi hapa hapa na kuwalisha abiria wanaongoja basi. "Reli ikatike kila mwaka," amesema. Nikamwangalia. "Haya, haya," akasema, "isipokuwa mwaka wako."

Mzee mmoja amekataa kushuka treni. Alikata tiketi ya Kisumu, hapa si Kisumu, hashuki. Nilikaa naye behewani mpaka akaona aibu.

Jumapili, Aprili 6

Phelix: "Mahindi ya majirani yameota." Hakuniita nyar Alego.

Jumatano, Aprili 9

Mvua. Omosa anasema wiki ijayo. Alisema hivyo wiki iliyopita.

Jumapili, Aprili 13

Wamuyu amekuja na chai yenye maziwa mengi, akakaa kwenye benchi ya abiria kama mwenye stesheni. "Hebu nielewe," akasema. "Shamba lipo, mvua ipo, mbegu ipo, Jerusa ana mikono. Si apande tu? Nani atajua?"

"Watajua wote."

"Na wewe ni mtu wa kanisa, Adoyo."

Nikamwambia mchungaji wetu wa Kibigori husimama madhabahuni akasema mambo hayo ni ya zamani, lakini yeye mwenyewe hapandi mpaka mama yake apande. Wamuyu alicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi sikucheka sana. Mdogo akimpita mkubwa kunakuja chira, mkosi wa kukondesha watoto na kumaliza nyumba, na hauchagui nyumba. Mchana nasema siamini. Kila jioni nawahesabu watoto wa Jerusa kichwani, mmoja mmoja, kwa majina.

Halafu kuna wazo lingine, nitaliandika kwa sababu hakuna wa kulisoma. Nafikiri Phelix na Jerusa wanafurahia. Nikishindwa mwaka huu watasema Adoyo ni wa treni, si wa boma. Mwaka ujao Jerusa atatoa mbegu yeye, na baada ya hapo mimi nitakuwa mgeni wa Krismasi.

Ijumaa Kuu, Aprili 18

Nimekaa chini sasa hivi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Miguu imevimba.

Treni ya Pasaka ilifika imejaa mpaka milangoni, watu wanaenda kwao, na mabasi yaliyoahidiwa hayakuwepo. Mvua inapiga, jukwaa halina nafasi ya kuweka hata mwavuli, watoto wanalia, jogoo wa mtu ametoroka anakimbia kwenye reli na watu wazima watatu wanamfuata. Nikapiga simu Nakuru, Nakuru wakasema mabasi yametoka Kericho. Nikapiga Kericho, wakasema yametoka zamani. Nikapanda juu ya benchi nikapaza sauti: wazee, wajawazito na wenye watoto waingie ofisini kwangu na chumba cha mizigo, wengine wakae ndani ya mabehewa, hakuna kushuka mpaka waone basi kwa macho yao. Kijana mmoja akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ndiye stesheni.

Katikati ya hayo simu ikalia. Phelix.

"Shemeji, Jerusa ameenda kwao kuomba unga."

Hakusema zaidi ya hapo. Hakulalamika. Na mimi, badala ya kusikia alichosema, nikasikia kile nilichokuwa nimejiandaa kusikia. Nikadhani ananiumbua. Nikapiga kelele mbele ya abiria wote: "Basi pandeni! Pandeni Phelix, nimewaruhusu, mimi mkubwa nimesema, mnataka nini kingine?"

Nilisikia mvua ya kwake na mvua ya kwangu.

"Mbegu haitolewi kwa simu," akasema polepole. "Wewe ukiwa umechoka, sawa. Lakini mimi sitakupita."

Nikakata simu. Mabasi yalifika jioni. Mama mmoja aliyekuwa na pacha ofisini kwangu aliniombea baraka kwa jina langu, na nilishindwa hata kuitikia amina.

Jumatatu ya Pasaka, Aprili 21

Jogoo amepatikana. Mwenyewe ameshaenda. Wamuyu anamtazama vibaya.

Jumapili, Aprili 27

Phelix hajapiga, na Jumapili bila simu yake sijaizoea. Nilimpigia mimi, haipatikani. Nimepiga tena na tena mpaka Wamuyu akaniambia nitaimaliza hiyo simu.

Ameshapanda, najua. Amechoka kungoja akapanda na sasa anaogopa sauti yangu. Nimekasirika, halafu nikaona nafuu, halafu nikaona aibu kwa hiyo nafuu, halafu nikaanza tena kuwahesabu wale watoto. Jumapili ndefu kama nini.

Jumatano, Aprili 30

Nimeenda kwa miguu mpaka kwenye daraja kuona kwa macho yangu. Omosa na watu wake wamo ndani ya maji wakipanga mawe, wamefunga magunia kichwani kujikinga na mvua. Akaniona. "Mama, unanisumbua kuliko ofisi," akasema. "Nitakwambia mimi mwenyewe siku ikifika. Rudi, utaugua." Kumbe na yeye hajamwona mkewe tangu daraja lianguke. Wakati wote huu nilikuwa namwona kama mtu wa kunichelewesha.

Jumapili, Mei 4

Niandike taratibu, kwa mpango.

Asubuhi nilikuwa nafagia jukwaa. Mtu akashuka kwenye bodaboda, viatu mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini. Phelix. Nilisimama na ufagio kama mtu wa kungoja vita.

"Umepanda," nikamwambia. Hata salamu sikumpa.

Akanitazama kama hajaelewa. "Nipande vipi na wewe uko hapa?"

Akaniomba maji. Nikampeleka kwa Wamuyu, akala sahani mbili za viazi bila kuinua kichwa, na Wamuyu akamwongezea ya tatu bila kuulizwa. Kisha akaeleza. Simu yake iliingia maji, imekufa. Na baada ya mimi kumpigia kelele alikaa akafikiri kwamba reli hawezi kuitengeneza, lakini kaka yake anaweza kumtengeneza. Akapanda gari mpaka Kericho. Kiwandani walimwambia Ooko yuko kwenye shifti. Akakaa getini. Ooko akatoka, akamwambia rudi nyumbani, majani ni mengi. Phelix akakaa tu. Shifti ikaisha, ikaanza nyingine, walinzi wakamzoea wakampa nafasi kwenye kibanda chao. Mwisho Ooko akamwuliza anataka nini.

"Nilimwambia sitaki kitu," Phelix akasema. "Nilimwambia mama alituacha na mlango mmoja na funguo mbili. Wewe una moja, Adoyo ana moja. Mimi na Jerusa tuko nje tunanyeshewa."

"Akasema nini?"

"Akaenda kuomba likizo."

Huyu ndiye mtu niliyemwandika hapa kwamba anafurahia. Shamba lake ni jeusi mpaka leo, na majirani wanapalilia mara ya pili. Nimemwomba msamaha hapo hapo mbele ya Wamuyu na sahani zake. Akasema hakuna shida, nyar Alego, nipe tu chai.

Jumatano, Mei 7

Omosa amekuja mwenyewe kama alivyosema. Injini ya majaribio imepita juu ya daraja ikitambaa, yeye akiwa amesimama chini yake akisikiliza. Hakuna kilichotikisika. Ijumaa treni inafika Kisumu.

Bwana Steve amenipa mpaka Jumatatu. Ataleta mtu wa Londiani anishikie. Nilimwuliza mara mbili kama ni kweli.

Ijumaa, Mei 9

Ooko alifika mapema kuliko treni. Nilimwona upande wa pili wa reli na begi dogo na jembe jipya limefungwa gazeti. Amekonda. Alinitazama akafungua mdomo, na hapo hapo watu wakanivamia: mama mwenye tiketi ya wiki iliyopita, wanafunzi, Wamuyu na magunia yake ya Kisumu, yule mtu wa Londiani anauliza funguo ziko wapi. Nikamwonyesha Ooko benchi kwa kidole. Akaenda akakaa.

Alikaa pale akiniangalia muda wote. Niliwapanga abiria, nikapakia viazi, nikamsaidia bibi mmoja wa Kikipsigis kupanda, nikapokea treni, nikainua bendera. Ni mara ya kwanza kuniona kazini. Miaka yote hii, na Kericho ni hapo tu.

Ndani ya behewa tulikaa tukiangaliana magoti. Tulipita daraja la Omosa, watu wakapiga makofi. Tukateremka Fort Ternan, hewa ikaanza kuwa ya joto, miwa ikaanza. Ndipo akasema, "Sikujua ni hivi."

"Hivi vipi?"

"Kwamba watu wote hao wanakungoja wewe."

"Na kule nyumbani pia wananingoja mimi."

"Na kule pia," akasema. Akavuta pumzi. "Mimi nilikuwa naona kule tu."

Hakuomba msamaha zaidi ya hapo, na mimi nilikuwa na maneno ya miezi mitano lakini nikayaacha yapite na miwa. Alipolala kichwa kikaniangukia begani. Sikukisukuma.

Kutoka stesheni ya Kibigori tulitembea kati ya mahindi ya watu, mengine yananifika kiunoni. Halafu tukafika kwetu. Palikuwa peusi. Shamba zima, mpaka kwenye ua. Wamelilima tena na kung'oa magugu ili libaki tayari. Nilisimama pale mpaka Ooko akanishika mkono.

Jumamosi, Mei 10

Tumetoa mbegu.

Kulipokucha nilitoka na Ooko, yeye akachimba, mimi nikatia mahindi na maharagwe, tukafukia kwa miguu. Mstari mmoja tu, ndivyo Janefer alivyokuwa akifanya. Nilipoinuka nikawaona Phelix na Jerusa wamesimama mpakani na mbegu zao kwenye beseni, na watoto wote nyuma yao, kila mmoja na kijiti chake. Hawakuwa wamekanyaga shamba. Niliwaambia karibuni.

Waliingia mbio. Watoto walikimbia. Jerusa alipita karibu nami akipanda huku machozi yanamtoka na hana mkono mtupu wa kuyafuta. Tulipanda wote mpaka jua likawa kali. Wakati wa uji ndipo aliponiambia, bila ukali, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Mama Maxine, mwaka ujao utakuja?"

Nikasema nitakuja.

"Mwaka huu pia ulisema."

Jumatatu, Mei 12

Nimerudi Kedowa. Ooko ana likizo bado, amebaki kumalizia kupanda kwa Phelix. Amenipeleka stesheni na kunibebea begi. Mtu wa Londiani amepoteza funguo ya chumba cha mizigo.

Jumapili, Mei 25

Ooko amepiga simu akiwa Kericho. Tumeongea mpaka akaitwa kazini. Juu ya mimi kuacha kazi hakugusia, na mimi sikumkumbusha.

Jumapili, Juni 8

Phelix amepiga kwa simu ya jirani. Mvua ya Kibigori imekatika. Maharagwe yatatoa kidogo. Mahindi yamefika magotini yakasimama, majani yamejikunja, yatalishwa ng'ombe. Alinieleza yote kwa sauti ya kawaida, akaniuliza hali ya Kedowa. Hapa bado kunanyesha. Kunanyesha kila siku, Mungu anisamehe, na sitaki hata kuisikia.

Nilitaka kuonyesha kwamba naweza yote mawili, na nimeonyesha. Mbegu ilitolewa, kazi ninayo, wajomba hawana la kusema. Lakini aliyelipa ni Jerusa. Walikuwa na ruhusa yangu tangu Ijumaa Kuu na wakaikataa kwa heshima yangu, sasa sufuria lao ndilo litakalokaa tupu, si langu. Nimelia jikoni kwa Wamuyu. Kesho viazi vinateremka Kibigori, magunia ambayo mimi na Ooko tumesaidiana kuyanunua. Viazi si mahindi ya shamba lako, najua.

Jumanne, Juni 10

Leo nimempigia Bwana Steve Nakuru. Nikamwambia Februari mwakani, mawingu yakionekana tu, mimi natoka naenda nyumbani. Reli iwe nzima, iwe imekatika, stesheni iwe na mtu au iwe na jogoo. Wakinifuta wanifute.

Akacheka kidogo. "Mama Adoyo, kwani kuna haraka gani? Bado ni Juni."

"Nimepanda shamba la watu Mei, Bwana Steve," nikamwambia. "Ndiyo maana nakuambia Juni."